DP ni nini? Ruhusa ya mtihani kwa mwanafunzi wa kubadilishana Afrika Kusini

DP ni ruhusa ya kufanya mtihani wa mwisho wa kozi. Ni kifupi cha duly performed, yaani mwanafunzi ametimiza kazi zote alizotakiwa kuzifanya katika muhula. Aliye nayo anaingia kwenye chumba cha mtihani. Asiye nayo haingii, hata kama amejifungia chumbani wiki mbili za mwisho akaimeza kozi nzima. Jina hilo utalikuta Chuo Kikuu cha Cape Town (UCT), Rhodes kule Makhanda, na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Vyuo vikuu vya Pretoria na Johannesburg vinazungumzia zaidi alama ya muhula, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni 40%. Ukiwa chini ya hapo, mtihani huufanyi. Majina yanatofautiana, lakini athari kwa mwanafunzi ni moja.

Kwa anayetoka vyuo vya kwetu, hapa ndipo mambo yanapochanganya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tumezoea 40 za kazi za muhula na 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho. Kenya wamezoea CAT (majaribio ya muhula) 30 na mtihani 70. Kila mtu basi anapiga hesabu zake mwishoni: nina ngapi mkononi, nitafute ngapi kwenye mtihani ili nivuke. DP haimo kwenye hesabu hiyo, inakuja kabla yake. DP hudai pia mahudhurio, mara nyingi 75% ya vipindi. Ni kweli hata kwetu hayo yameandikwa kwenye kanuni za vyuo vingi, lakini kila aliyepita huko anajua yanavyosimamiwa. Afrika Kusini yanasimamiwa.

Hakuna sharti moja la DP kwa chuo kizima. Kila kozi ina lake, na limeandikwa kwenye mwongozo wa kozi unaowekwa kwenye mfumo wa masomo mtandaoni, ambao UCT unaitwa Amathuba. Chukua mfano wa kozi ya historia ya mwaka wa pili. Baada ya jina la mhadhiri na saa za kumwona ofisini, kutakuwa na sentensi moja au mbili za namna hii: ili kupata DP, mwanafunzi ahudhurie angalau 75% ya semina, akabidhi insha zote na afanye jaribio la darasani. Haina rangi nyekundu wala herufi nene, na wengi wanaipita wakikimbilia orodha ya vitabu. Mimi ningeisoma hiyo kwanza, kabla hata ya kuangalia kozi inafundisha nini.

Tuifumue. Semina ni kikundi kidogo kinachokutana kwa kawaida mara moja kwa wiki, kikiongozwa mara nyingi na mwanafunzi wa shahada ya juu, na rejesta inasainiwa kila kipindi. Kukiwa na semina kumi, 75% ni saba na nusu, maana yake nane. Umebakiwa na ruhusa ya kukosa mbili. Ukikosa ya tatu, DP imeondoka, na huenda hujaandika hata insha ya kwanza. Mhadhara wenye watu mia tatu hakuna anayekuhesabu, ndiyo maana mgeni hudhani kote ni hivyo.

"Insha zote" nayo ina maana yake. Mwanafunzi akichelewa sana na kujua kwamba atakatwa alama hadi zibaki chache, huona bora asikabidhi kabisa. Hilo ni kosa kubwa. Katika kozi nyingi, insha iliyokabidhiwa na kupata alama mbovu bado inahesabika kuwa imekabidhiwa, wakati isiyokabidhiwa inakunyima mtihani. Peleka hata kurasa tatu zisizo na mvuto. Kwa masomo ya sayansi mambo ni makali zaidi, kwa sababu vipindi vya maabara vinaweza kudaiwa vyote.

Kwa nini mfumo uko hivyo? Krediti moja Afrika Kusini ni saa 10 za kazi, kama inavyohesabiwa Tanzania. Kozi ya krediti 18 ni saa 180, na mihadhara haimalizi hata theluthi yake. Zilizobaki ni kusoma, kuandika na kujiandaa kwa semina. DP ndiyo njia ya chuo kuhakikisha saa hizo zimetumika.

Sasa, mwanafunzi wa kubadilishana ni nani hasa? Ni yule anayebaki amesajiliwa kwao, analipa ada kwao, na chuo cha Afrika Kusini kinampokea kwa muhula mmoja au miwili bila kumtoza ada ya masomo, kwa sababu vyuo viwili vina mkataba. Hapati shahada ya huko, anarudi na matokeo yatakayohesabiwa kwenye shahada yake. Yupo pia anayekuja kwa muhula mmoja akijilipia mwenyewe, hasa kutoka Marekani. Yupo anayekwenda kwa shahada nzima, na kwa huyo uraia una uzito: itifaki ya elimu ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watendewe kama wenyeji katika ada, hivyo Mtanzania na Mkongomani wamo, Mkenya na Mganda hawamo. Wote hao watatu wakishaingia darasani ni wanafunzi tu. Hakuna DP ya wageni.

Ila mgeni ndiye anayeumia zaidi, na sababu ya kwanza ni kalenda. Mwaka wa masomo Afrika Kusini unaanza Februari na kwisha Novemba, na muhula wa pili unaanza Julai. Vyuo vya Afrika Mashariki na Ulaya vinaanza mwaka kati ya Septemba na Novemba. Kwa hiyo mwanafunzi anaondoka kwao katikati ya mambo, mitihani mingine haijaisha, barua nyingine hazijasainiwa. Halafu kuna viza. Mtanzania na Mkenya wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90, na hapo ndipo mtu anaposhauriwa vibaya kijiweni: "We nenda, viza ya masomo utaishughulikia hukohuko." Haiendi hivyo. Muhula mmoja unazidi siku 90, na kwa kawaida aliyeingia kama mtembezi haruhusiwi kubadilisha hali yake akiwa ndani ya nchi. Viza ya masomo inaombwa kabla ya safari, ikiwa na barua ya chuo, cheti cha polisi cha tabia njema, uthibitisho wa fedha na bima ya afya ya mfuko uliosajiliwa Afrika Kusini kwenyewe. Bima ya safari uliyonunua Nairobi haitoshi. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe pia kadi ya homa ya manjano.

Hesabu basi: viza ikichelewa, ukafika wiki ya tatu, semina mbili zimeshapita. Zile nafasi zako mbili za kukosa umezitumia kabla hujafungua sanduku. Ukiona mambo yanakwenda hivyo, andikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na mratibu wa kila kozi ukiwa bado nyumbani, uombe kwa maandishi vipindi hivyo visihesabiwe. Wengi wanakubali. Wakiombwa mwezi Mei kwa jambo la Februari, si rahisi.

Jambo la pili ni vikundi vya semina. Unajiandikisha mwenyewe mtandaoni na saa nzuri zinajaa haraka. Ukipangiwa Ijumaa alasiri, usihamie kimyakimya kikundi cha Jumanne kwa sababu rafiki yako yuko huko. Rejesta ya Jumanne haina jina lako, ya Ijumaa inaonyesha hukuwepo.

La tatu ni safari, na hapa simlaumu mtu. Umefika nchi yenye mbuga ya Kruger, yenye Garden Route, ile barabara maarufu ya pwani, Victoria Falls iko nchi jirani, na Machi na Aprili zina sikukuu za kutosha: tarehe 21 Machi, Pasaka, tarehe 27 Aprili, kisha Mei Mosi. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu nayo ni mapumziko. Kishawishi cha kuunganisha siku ni kikubwa. Safiri, lakini weka kwanza tarehe za majaribio na insha kwenye kalenda, maana jaribio la Alhamisi halisogezwi kwa kuwa basi lako limechelewa kutoka Gqeberha (zamani Port Elizabeth).

Ugonjwa unakubalika kama sababu, kwa karatasi. Daktari awe amekuona siku ile unaumwa, na cheti kioneshe tarehe ulizoshindwa kuhudhuria. Cheti kinachosema mgonjwa alieleza kwamba juzi alikuwa anaumwa mara nyingi kinakataliwa. Vyuo huweka siku chache tu za kukiwasilisha, kwa hiyo nenda kliniki ya wanafunzi hata kama unaona ni mafua ya kulala nayo. Majira ya baridi ya Cape Town, kuanzia Juni, yana mvua na upepo kwa pamoja, na vyumba vingi havina vipasha joto. Mtu wa Tanga ataugua.

Ukinyimwa DP, UCT huandika DPR, yaani DP imekataliwa, kwenye matokeo, na herufi hizo zinasafiri nawe mpaka chuo chako cha nyumbani. Hakuna sapu (mtihani wa nyongeza), kwa sababu sapu ni ya aliyefanya mtihani akakosa alama kidogo. Hakuna kurudia muhula ujao, kwa sababu muhula ujao uko kwenu na viza imekwisha. Anayelipiwa na mfadhili asome mkataba wake, kwani baadhi hudai idadi fulani ya krediti. (Alama za kawaida, kwa upande mwingine, zisikutishe: 50 ni kufaulu, na UCT daraja la kwanza linaanzia 75, hivyo 68 ni matokeo ya heshima.)

Orodha ya walionyimwa hutolewa karibu na mwisho wa vipindi, na huwa ina makosa: rejesta iliyopotea, insha iliyopokelewa ikasahaulika kuingizwa. Muda wa kukata rufaa ni siku chache, pengine mbili au tatu. Nenda kwa katibu wa idara siku hiyohiyo, ukiwa na risiti ya mtandaoni ya kila insha na barua pepe zote ulizoandikiana na mwalimu wa semina.