Usiweke nyutro mteremkoni: dhana potofu za safari ya milimani Colorado

Ikikaribia mwisho wa Septemba, simu za gereji hubadilika. Ni ndugu zetu wa Denver na Aurora wanaotaka kwenda milimani kuona miti ya aspeni ilivyogeuka njano, waondoke asubuhi warudi usiku. Swali lao kubwa si breki wala matairi. "Fundi, nikiwa nateremka nikiweka nyutro si nabana mafuta?" Nimelijibu mpaka nimechoka, na kuna wanaoondoka wakiamini fundi ana wivu na mafuta yao.

Dhana: nyutro mteremkoni inabana mafuta

Haibani. Enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa bila kompyuta, kulikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana wazee waliokuwa wakishuka mlima Kitonga kule Iringa na malori wamewarithisha watoto wao imani hii. Ila gari lako la leo lina nozeli za kunyunyizia mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Ukiliacha ndani ya gia na kuinua mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo inafunga nozeli, haiingii hata tone. Ukitia nyutro umeikata injini na magurudumu, na sasa isipopewa mafuta inazimika. Kwa hiyo inapewa. Yaani mteremko uliokuwa unashuka bure, umeanza kuulipia.

Hilo la mafuta ni dogo. Kubwa ni kwamba kwenye nyutro uzito wote wa gari umeziachia pedi za breki peke yake. Barabara ya mlima Pikes Peak ina urefu wa kilomita 30 hivi mpaka kileleni, mita 4,302. Wakati wa kushuka, pale Glen Cove katikati ya njia, askari wa hifadhi wanakusimamisha na kupima joto la breki. Zikiwa zimechemka unaambiwa upaki pembeni mpaka zipoe. Hawafanyi hivyo kwa kupenda kusumbua watalii.

Breki zikichemka, joto linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 (limeandikwa kwenye chupa) yanatakiwa yastahimili mpaka nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yaliyokwisha kunyonya yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka, ndani ya mabomba kunakuwa na mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inazama mpaka sakafuni, gari halina habari na wewe. Hapo ndipo mtu anakumbuka kurudisha gia. Magari ya namna hii tukiyafungua tunakuta diski zimepiga rangi ya bluu na pedi zimekuwa ngumu, zinang'aa. Wakati mwingine mwenye gari ananiambia tu, "Kulikuwa na harufu kidogo."

Halafu sheria ya Colorado yenyewe inakataza kushuka mteremko na gari likiwa nyutro.

Fanya hivi: shusha gia kabla mteremko haujaanza. Otomatiki nazo zina L, au 2, au alama ya kutoa na kujumlisha. Hazikuwekwa pale kwa urembo. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha, punguza, kisha achia zipate hewa. Usiegeshe mguu kwenye pedali dakika ishirini. Na usimwagie maji diski ya moto, inaweza kupinda au kupasuka. Mimi nawaambia wateja wangu wabadilishe mafuta ya breki kila miaka miwili, wananiangalia kama nauza dawa ya mapenzi.

"Lakini injini inalia, si itakufa?" Haifi. Mizunguko 4,000 kwa dakika, mguu ukiwa umeinuliwa kwenye mafuta, haina shida kwa injini nzima. Angalia tu mshale usifike kwenye nyekundu.

"Langu ni foo-wili, sina wasiwasi." Foo-wili inakusaidia kuondoka na kupanda. Kwenye kusimama kila gari lina breki za magurudumu manne, na lako huenda ni zito kuliko la jirani.

"Kati ya miji ya Ouray na Silverton hawajaweka kingo za chuma kwa ubahili." Katika barabara hiyo ya US 550 kuna sehemu ziko wazi kabisa upande wa korongo ili magari ya kuondoa theluji yapate pa kuisukumia. Ukienda kusini, upande wa korongo ndio wako. Kama dereva wako ana woga wa urefu, anzeni safari kutoka Silverton, ulio kusini, ili muwe upande wa mlima.

"Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, urefu haunisumbui." Moshi mjini hapafiki hata mita 1,000, na mwili ulioishi chini husahau. Trail Ridge Road, barabara ya milimani, inafika mita 3,713. Injini isiyo na turbo nayo huko juu imepoteza takribani theluthi ya nguvu zake, kwa hiyo usiovateki kwa hesabu za mjini.

"Tusubiri baridi ipige ndiyo majani yabadilike." Kinachoyaamsha zaidi ni siku kuwa fupi: kijani kinavunjika, na njano iliyokuwamo siku zote inaonekana. Jalidi kali huyaunguza na kuyaangusha. Ukiona kipande kizima cha mlima kimegeuka pamoja na cha pembeni bado kijani, mara nyingi kila kipande ni aspeni za mzizi mmoja.

Wanaoelekea korongo la Black Canyon: barabara ya East Portal inayoshuka mpaka mtoni ina mteremko wa asilimia 16, na gari lenye urefu unaozidi mita 6.7 haliruhusiwi. Hapo ni gia ya kwanza toka juu. Na Trail Ridge na njia ya mlimani ya Independence Pass hufungwa theluji ikizidi, hata Oktoba, kwa hiyo angalia kama ziko wazi kabla hujajaza tangi.