Buti la jointi ya CV: ni nini, na likipasuka linabadilishwaje

Kata usukani mpaka mwisho, kisha chungulia nyuma ya tairi la mbele la Vitz, IST au Passo. Utaona raba nyeusi yenye mikunjo iliyofungwa kwa bendi mbili, kubwa upande wa tairi na ndogo upande wa shafti. Hilo ndilo buti. Linatunza grisi ndani na kuzuia uchafu usiingie, basi. Ndani yake kuna jointi ya CV, yaani bakuli la chuma lenye gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, ndiyo inayowezesha tairi kuzunguka kwa mwendo ule ule hata likiwa limekatwa kona. Kila shafti ina mabuti mawili, la nje kwenye tairi na la ndani kwenye giaboksi. La nje huwahi kupasuka, maana ndilo linalokunjwa kila kona.

Dalili ya kwanza ni grisi nyeusi iliyorukia ndani ya rimu na kwenye shokapu. Kwa gari la Ipuli au Kiloleni, ambako ukiacha lami tu unakanyaga mchanga wa Tabora, hiyo si kazi ya kusubiri mwisho wa mwezi. Mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa msasa, na gololi zinaanza kula mifereji yake. Mvua za Novemba hadi Aprili zikikuta buti liko wazi, maji ya madimbwi yanaosha grisi iliyobaki na kutu inaingia.

Kabla ya kununua chochote, tafuta uwanja, kata usukani wote na uendeshe polepole, kulia kisha kushoto. Ukisikia ka-ka-ka inayoongezeka kasi kadiri gari linavyokwenda, jointi imeshakufa na buti jipya halitaifufua. Nunua jointi nzima. Kwa kawaida huja na buti, bendi na grisi yake. Kama kimya, buti peke yake linatosha.

Legeza nati ya habu (ile kubwa katikati ya tairi, inayoshika ncha ya shafti) gari likiwa bado chini, soketi namba 30 kwa Toyota nyingi ndogo, baada ya kunyoosha ule mdomo wa nati uliogongwa kwenye mfereji wa shafti. Piga jeki, weka stendi (jeki peke yake haitoshi, mtu analala chini ya hapo), toa tairi, fungua bol jointi (kiungo cha duara kinachounganisha habu na ami ya chini). Rudisha nati ya habu mpaka iwe sawa na ncha ya shafti ndipo ugonge, la sivyo nyuzi zinaharibika. Kisha itoe kabisa, vuta habu nje na shafti itachomoka. Gari lisisukumwe likiwa hivyo, beringi ya tairi itaumia.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosana na gari. Kuna magari ambayo jointi ya nje hutoka kwa kugongwa, kwa kuwa imeshikwa na ringi ndogo tu. Kwenye Toyota nyingi ndogo jointi ya nje haifunguliwi: unafungua ile ya ndani yenye miguu mitatu, unalitoa buti la ndani, halafu la nje linapitia huko huko. Ukiona jointi haisogei baada ya kuigonga kwa adabu, acha nyundo. Tia alama ya rangi kwenye shafti na ile miguu mitatu kabla ya kuitoa, ili irudi ilivyokuwa. Shafti ikichomolewa kwenye giaboksi, tega beseni, mafuta yatamwagika, yaongeze ukimaliza.

Osha jointi kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, zungusha gololi moja moja ukiangalia vishimo kwenye mifereji. Kuongeza grisi mpya juu ya ile yenye mchanga ni kupoteza muda. Grisi inayotakiwa ni nyeusi, yenye molibdenamu, ile iliyokuja kwenye pakiti ya buti; grisi ya kopo ya beringi haifai. Nusu ishindilie katikati ya gololi mpaka itokeze, nusu iache ndani ya buti.

Midomo ya buti ikae kwenye mifereji yake, mikavu bila grisi. Kaza bendi kubwa kwanza. Kabla ya kukaza ndogo, ingiza bisibisi bapa chini ya mdomo utoe hewa, maana buti lililonyonywa au kuvimba hujisugua na kupasuka tena. Waya wa kufungia na vipande vya tyubu ni vya kukufikisha nyumbani tu: waya hukata raba, tyubu huteleza.

Nati ya habu iwe mpya. Ikaze tairi likiwa chini, nguvu ya kukaza Nm 216 kwa Vitz, kisha gonga mdomo wake uingie kwenye mfereji. Ukishatembea siku chache, chungulia tena ndani ya rimu. Tone dogo kwenye bendi ndogo likiendelea kukua, bendi haijakaza. Ifungue uweke nyingine.