Mbwa Anasoma Mabega Yako

Mwanafunzi wangu mmoja wa agility, mchezo wa kumwongoza mbwa apite vikwazo kwa mpangilio, alitoka uwanjani juzi amenuna. Mbwa wake alikuwa amekimbia safi tangu mwanzo, mpaka alipoangusha kiunzi cha tisa na kuandikiwa pointi tano za makosa. "Leo huyu hana akili kabisa," akaniambia. Nikatoa simu, nikamwonyesha video polepole. Mbwa anajikunja, anaruka, na akiwa bado hewani, mwanafunzi wangu anapaza sauti kumwita jina. Mbwa anageuza kichwa, kiuno kinashuka, miguu ya nyuma inagonga ufito. Tukairudia mara tatu. Mwanafunzi kimya.

Mchezo huu ulionekana mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, ukiwa kijazio tu cha muda, na uliiga mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Lakini mpanda farasi ana hatamu mkononi. Kwenye mashindano ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, mbwa hukimbia bila kufungwa kamba, na wewe huruhusiwi kumgusa, wala kukimbia na kipande cha chakula au mpira mkononi. Kilichobaki ni mwili wako. Mbwa husoma kwanza unakokwenda, kisha mabega, kisha mkono. Sauti huja nyuma kabisa. Ukitaka kuhakikisha, sema "handaki" (bomba ambalo mbwa hupita ndani yake) huku kifua chako kimeelekea kiunzi, uone atakwenda wapi.

Jingine ni wakati. Mbwa hupanga mruko wake kabla ya kuacha ardhi: atue wapi, akunje kona au anyooshe. Kwa hiyo ukitaka akate kulia baada ya kiunzi, mabega yako yawe yameshageuka yeye akiwa bado anakikaribia. Ukingoja atue ndipo umwambie, atapiga kona pana, au ataingia kikwazo kisicho chake na mtatolewa papo hapo.

Ndiyo maana zile dakika chache za kukagua njia bila mbwa nazithamini kuliko mazoezi ya wiki nzima. Wengi huzimaliza wakikariri namba za vikwazo. Mimi nikishajua mpangilio, nachuchumaa kwenye mdomo wa kutokea handaki, macho yangu yawe usawa wa macho ya mbwa (watu hucheka, wacha wacheke). Mara nyingi kitu cha kwanza kinachoonekana pale si kikwazo kinachofuata. Mwamuzi amekutegea. Basi hapo ndipo nachagua pa kusimama ili mbwa akitoka anione mimi kwanza. Mzunguko wa mwisho nakimbia peke yangu, macho kwa mbwa ambaye hayupo.

Nguzo za kupenya, ambazo mbwa hupita katikati yake kwa kupinda huku na huku, nazo zina hadithi yake. Ziko 12, zimeachana sentimita 60, na nguzo ya kwanza lazima iwe upande wa bega la kushoto la mbwa anapoingia. Nimeona mbwa wengi wanaopenya kama nyoka lakini hawajui kuingia. Wakija kwa kasi kutoka pembeni wanaikosa nafasi ya kwanza na kuingia ya pili. Kosa ni letu, kwa sababu tunawafundisha kila siku wakiwa wamenyooka mbele ya nguzo. Mimi huchukua nguzo nne tu na kumleta mbwa kutoka kila pembe, kushoto na kulia, karibu na mbali, mimi mwenyewe nikibadilisha ninaposimama. Nguzo zote 12 zitakuja baadaye, wala si kazi kubwa.

Maeneo ya njano kwenye vikwazo vya daraja, paa na pembea sitayaongelea sana: mbwa akishuka bila kuyakanyaga, ni pointi tano za makosa. Ila kwa mwenye mbwa mchanga nasema, acha haraka. FCI haimruhusu kushindana kabla ya miezi 18, na mifupa inayokua haitaki viunzi virefu. Mfundishe kugeuka ufito ukiwa chini kabisa.

Yule mwanafunzi nimempa zoezi moja wiki hii: akimbie njia nzima bila kutamka neno. Siku ya kwanza waliishia kiunzi cha nne. Mbwa alisimama, akamtazama miguu, na yeye mwenyewe akainama kuitazama: mguu mmoja ulielekea handaki, mwingine pembea.