Damu imesoma chanya tena: maswali na majibu kuhusu kipimo cha bakteria wa tumbo

Mama mmoja kutoka upande wa Bahi alinifungulia bahasha ya kaki mezani. Karatasi tano za maabara, vituo vitatu tofauti, zote za kipimo cha damu cha H. pylori, zote chanya. Kati ya karatasi na karatasi alikuwa amemeza dozi nne. "Daktari, hawa wadudu hawafi," akaniambia. Nikamwandikia kipimo cha choo: hasi. Bakteria walishakufa, pengine tangu dozi ya kwanza. Kilichokuwa kikimchoma tumbo kilikuwa mkobani: diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti, anameza mbili asubuhi kabla hata ya chai.

Bahasha kama ile naziona kila wiki hapa Dodoma. Haya ndiyo maswali yanayokuja nazo.

H. pylori ni kitu gani?

Ni bakteria anayeishi kwenye utando wa ndani wa tumbo. Jina lake kamili ni Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, ndio waliomfichua mwaka 1982, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wengi humpata utotoni, na barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wamewahi kuishi naye. Walio wengi hawapati kidonda maisha yao yote. Kwa hiyo kukutwa naye si sawa na kuwa na vidonda vya tumbo, ingawa mitaani maneno hayo mawili yamekuwa kitu kimoja.

Kipimo cha damu kinaangalia nini hasa?

Kinaangalia kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na bakteria huyo. Bakteria mwenyewe hakimwangalii. Ni kama kwato za ng'ombe kwenye tope lililokauka: utajua ng'ombe alipita, lakini kama bado yuko zizini au aliuzwa mnadani Msalato mwezi uliopita, tope halikwambii.

Nimemaliza dozi. Nirudie kipimo cha damu nione kama wamekufa?

Hapana. Kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kwisha. Mstari wa pili kwenye kile kipande cha plastiki utatokea tu.

Nimeshakirudia, na kimesoma chanya. Nianze dozi nyingine?

Hapana! Hapo ndipo watu wanapoumizwa. Unatibu kumbukumbu ya ugonjwa. Unanunua antibayotiki mbili au tatu kwa mpigo, unaharisha, mdomo unakuwa mchungu kama umelamba sarafu, halafu siku ukiugua kweli bakteria wameshakuwa sugu kwa dawa zilezile.

Lakini muuza dawa amesema nibadilishe, kuna dozi kali zaidi.

Kwa heshima zote kwa wauza dawa, bado ni hapana. Dozi kali ya nini, kama hatujui bakteria yupo? Kipimo cha damu hakisemi kama dozi imefanya kazi. Kiwe cha bei nafuu, kiwe cha bei ghali, kifanyiwe mjini au Kongwa, hakisemi.

Basi nipime nini?

Choo. Kipimo cha choo kinatafuta chembe za bakteria mwenyewe, kwa hiyo kikisoma chanya yupo. Kipo pia kipimo cha pumzi, ila hicho hakipatikani kila mahali. Kwa wenye dalili za hatari tunatumia kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, na kinyama kidogo huchukuliwa kikapimwe.

Ila choo nacho kina masharti, na hapa tunakosana sana. Subiri angalau wiki nne tangu umalize antibayotiki. Dawa za kupunguza asidi, yaani omeprazoli na ndugu zake (pantoprazoli, esomeprazoli), ziwe zimeachwa wiki mbili kabla ya kipimo, kwa makubaliano na aliyekuandikia. Ukija huku umemeza omeprazoli jana, bakteria wanakuwa wachache, wamejificha, na majibu yanaweza kusoma hasi ya uongo. Tumia kikopo ulichopewa maabara, si kopo la siagi. Kiasi cha punje ya harage kinatosha. Kilete siku hiyohiyo, na tafadhali usikiweke dirishani kwenye daladala kikaiva na jua.

Kwa nini basi kipimo cha damu bado kinafanyika?

Kwa sababu ni rahisi: tone la damu, dakika chache, umepata karatasi. Tusikionee pia, omeprazoli haikivurugi, na kwa mtu ambaye hajawahi kutibiwa kinaweza kutupa fununu. Lakini fununu inathibitishwa kabla ya kumeza dawa za siku 14. Kwa aliyekwisha kutibiwa, hakina kazi.

Kama kweli nimekutwa naye, dozi ikoje?

Kwa kawaida ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili au zaidi, siku 14, bila kuruka. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakitulia, na vidonge vilivyobaki anapewa shemeji. Usifanye hivyo. Na mvinyo wa zabibu zetu usubiri mpaka umalize.

Magadi, shubiri, juisi ya kabichi?

Haviui bakteria huyu. Magadi yanatuliza kiungulia kwa muda, basi. Tatizo langu kubwa si kabichi, ni miezi sita mtu anayokaa akinywa kabichi huku anakonda.

Nikipata dalili gani niache kuhangaika na vipimo vya dukani?

Kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, kutapika kila mara, kuishiwa damu, au maumivu mapya ukiwa umevuka miaka hamsini. Yoyote kati ya hizo, nenda hospitali wiki hii, usingoje baada ya mavuno. Na useme wazi dawa za maumivu unazomeza, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, hata kama ulinunua vidonge vinne tu. Hizo zinachimba vidonda bila kuhitaji msaada wa bakteria yeyote.

Na choo cheusi?

Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, vinaweza kukigeuza rangi. Lakini choo cheusi tii, kinachonata kama lami na kunuka vibaya, ni damu inayovuja tumboni. Mwenye choo cha namna hiyo, na anayetapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, hasubiri wiki mbili wala nne. Ni leo, hata kama ni saa nane usiku. Msimpandishe bodaboda, maana akipata kizunguzungu njiani ataanguka. Tafuteni gari, msimpe chakula, na zile karatasi za damu ziacheni nyumbani. Nileteeni dawa anazomeza.