Je, wajua kwa nini satiri katika chapa ya Rembrandt anaitwa Jupiter?

Mwaka 1659, mchoraji Rembrandt wa Amsterdam alichora kwenye bamba la shaba picha ndogo ya mwanamke aliyelala uchi, mkono wake mmoja ukiwa kichwani, huku kiumbe mwenye ndevu akimwinamia na kumfunua shuka. Kiumbe huyo ni satiri, yaani nusu mtu nusu mbuzi, na katika visasili vya Wagiriki na Warumi misitu ilijaa viumbe wa aina hiyo. Iweje basi chapa hii, yaani picha iliyopigwa karatasini kutoka kwenye bamba hilo, ijulikane kwa jina la “Jupiter na Antiope” (Antiope ni mwanamke wa kibinadamu katika visasili hivyo), ilhali Jupiter ndiye mfalme wa miungu?

Wachoraji wa enzi ya Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa wakati wa Rembrandt, waliwatambulisha miungu kwa alama zao. Neptune, mungu wa bahari, hushika mkuki wa ncha tatu, Hercules huwa na rungu na ngozi ya simba, Juno, mke wa Jupiter, hufuatana na tausi, na Minerva, mungu wa kike wa hekima, ana bundi, ambaye kwao alikuwa ndege wa hekima, wala si wa nuksi kama wengi wetu tulivyozoea kumwona. Alama za Jupiter ni tai na radi. Si kila kitu kwenye chapa ni alama, hata hivyo: picha ikihama kutoka kwenye bamba kwenda kwenye karatasi hugeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo shujaa anayeshika upanga kwa mkono wa kushoto huenda hana siri yoyote.

Chapa nyingi za wakati huo ziliandikwa chini beti za Kilatini zilizomtaja mhusika. Rembrandt hakuweka beti, wala tai, wala radi. Jina la Jupiter linatokana na mambo mawili yaliyo nje ya karatasi yenyewe. La kwanza ni utenzi wa Ovidius, mshairi wa Kirumi, uitwao Metamorphoses: katika kitabu cha 6, msichana mfumaji Arachne anafuma kitambaa kinachoonyesha hila za miungu, mojawapo ikiwa Jupiter kujigeuza satiri ili ampate Antiope. La pili ni chapa ya Mwitalia Annibale Carracci ya mwaka 1592, yenye tukio kama hilo, ambayo Rembrandt aliitumia kama kielelezo.

Utambuzi wa namna hii ni dhaifu, nami naona ni haki kuutilia shaka. Mchoro wa rangi wa Mwitalia Correggio ulioko katika makumbusho ya Louvre, Paris, uliitwa “Jupiter na Antiope” kwa muda mrefu, lakini kwa kuwa kando ya mwanamke amelala Cupid, mwana wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, leo mwanamke huyo hutambuliwa kuwa ni Venus, na satiri hubaki satiri tu.

Tofauti hiyo hubadilisha kisa chote. Akiwa satiri wa kawaida, tunachokiona ni tamaa ya kutazama, na huenda kisa kikaishia hapo. Akiwa Jupiter, shuka linaloinuliwa ni mwanzo wa udanganyifu utakaomzalisha Antiope mapacha, Amphion na Zethus, wajenzi wa kuta za mji wa Thebes huko Ugiriki.