Mlimbwende ni nani hasa?

Ukitafuta neno mlimbwende kwenye kamusi ya Kiswahili hutakuta taji wala jukwaa. Utakuta mtu anayependa kujipamba, mtanashati, awe mwanamume au mwanamke. Magazeti ndiyo yaliyolichukua neno hilo na kumvisha msichana anayeshiriki Miss Tanzania, na limemkaa kweli. Mengine huandika mnyange. Mtaani tunasema mamiss, basi.

Maana ile ya zamani ndiyo inayolieleza shindano lenyewe vizuri zaidi. Kiswahili hakichanganyi uzuri na urembo. Uzuri mtu huzaliwa nao. Urembo hutokana na kuremba, yaani kutia nakshi: mlango wa Unguja una urembo, mkakasi, kile kikopo cha mapambo, una marembo. Kwa hiyo shindano la urembo haliulizi nani kaumbwa vizuri kuliko wote nchini. Linauliza nani, kati ya waliojitokeza, amejua kuvaa, kutembea kwa madaha, kusimama mbele ya taa na kufungua mdomo bila kutetemeka. Ndiyo maana wale wanaolalamika kila mwaka kwamba "mtaani kwetu wapo wazuri kuliko huyu" wala hawakosei. Wazuri wapo, tena wengi. Hawakuchukua fomu tu.

Na fomu ina masharti. Mshiriki awe Mtanzania, ametimiza miaka 18, hajaolewa, hana mtoto. Umri ndio uliowahi kuleta kizaazaa kikubwa: mshindi wa 2014 alilirudisha taji baada ya mzozo kuhusu tarehe yake ya kuzaliwa, likaenda kwa aliyemfuatia, na mwaka uliofuata hakukuwa na shindano kabisa.

Kwa miaka mingi msichana hakufika fainali kwa kuitwa tu. Alianzia kwenye kitongoji, kwa mfano Miss Sinza au Miss Tabata jijini Dar es Salaam, kwenye ukumbi ambako bendi ilipiga na wajomba walikuja kushangilia. Akifanya vizuri alipanda hadi Miss Kinondoni, Ilala au Temeke. Wa mikoani walipitia mkoa kisha kanda, na vyuo vikuu vikawa na kanda yao. Kila ngazi ilikuwa na wakala wake, ambaye alitafuta mdhamini, ukumbi na majaji. Kwa hiyo ulipomwona mshiriki wa fainali, ulijua kwamba ameshapenya mara mbili au tatu mahali ambako kamera za taifa hazikuwepo.

Baadaye ni kambi. Huko wiki kadhaa hupita kwa mazoezi ya mwendo, adabu za mezani, safari za mbugani na vijishindano vya kipaji, michezo na uanamitindo. Usiku wa fainali huwa na vazi la ubunifu na vazi la jioni, wanapunguzwa, na tano bora wanaulizwa maswali. Hapo ndipo ukumbi mzima hunyamaza. Mimi sehemu hii huitazama kwa huruma: binti aliyependeza saa tatu nzima anajikwaa kwenye sentensi moja ya Kiingereza, na kesho yake watu hawazungumzii kingine.

Vazi la ufukweni ni habari nyingine. Miss World yenyewe, shindano la dunia ambako mshindi wetu hupelekwa, lililoanzishwa London mwaka 1951 na Eric Morley kama onyesho la bikini, iliondoa mashindano ya vazi hilo kuanzia 2015.

Nimeitaja Miss World kwa sababu wengi hudhani Miss Tanzania ni mtu wa serikali, kama balozi aliyeteuliwa. Siyo. Shindano ni la kampuni binafsi yenye haki ya kumpeleka mwakilishi Miss World, na kazi ya serikali, kupitia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ni kutoa kibali na kusimamia. Ukisikia Miss Universe Tanzania, hilo ni taji lingine kabisa, lenye waandaaji wengine na fainali nyingine ya dunia. Lilianza 2007, na mshindi wake wa kwanza, Flaviana Matata, alipanda jukwaani Mexico City akiwa amenyoa kipara katikati ya nywele ndefu za wenzake. Akaingia kumi bora. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huo wa tofauti kati ya kuwa na nywele na kujua kujiremba.

Serikali haikuwa ikitoa kibali siku zote. Miss Tanzania wa kwanza, Theresa Shayo, alipatikana 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, na baada ya hapo mashindano yakapigwa marufuku. Ulikuwa wakati wa Operesheni Vijana, ambapo vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walipinga vimini, mawigi, mkorogo na suruali za kubana kuwa ni utamaduni wa kuiga. Mrembo wa taifa hakuwa na pa kukaa katika picha hiyo. Pengo lilidumu hadi 1994, uchumi ulipokuwa umefunguliwa na makampuni yanatafuta pa kutangaza bidhaa. Hashim Lundenga na kampuni yake ya Lino walilifufua shindano, Aina Maeda akashinda.

Neno "taifa" katika jina hilo nalo lina ugumu wake. Mwaka 2007 alishinda Richa Adhia, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, na yakazuka maneno: je, huyu anatuwakilisha? Masharti yalitaka uraia, naye alikuwa nao. Lakini kumbe wengi, walipokuwa wakisema mrembo wa Tanzania, tayari walikuwa na rangi yake kichwani. Shindano halikuwaambia waichore, walikuja nayo wenyewe.

Taji hukaa mwaka mmoja. Katika mwaka huo mrembo ana mkataba, safari ya Miss World, mradi wa jamii na orodha ndefu ya hafla za wadhamini. Matokeo makubwa zaidi nje yaliletwa na Nancy Sumari, aliyetwaa taji la Miss World Afrika huko Sanya, China, mwaka 2005. Mwaka ukiisha anakabidhi, lakini jina halimtoki: Wema Sepetu amekuwa mwigizaji maarufu kwa miaka mingi na bado wapo wanaomtambulisha kwa taji lake la 2006. Wengine waligeukia muziki, televisheni, vitabu vya watoto, elimu ya mtandaoni. Naye Basila Mwanukuzi, aliyevaa taji mwaka 1998, alirudi miaka ishirini baadaye, safari hii akiwa ndiye mwandaaji: mwaka 2018 kampuni yake, The Look, ililichukua shindano kutoka kwa Lino.