Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa uuguzi huachwa akosee?

Kitandani amelala bibi wa miaka 70 aliyepasuliwa tumbo asubuhi. Anaugulia, anasema maumivu hayavumiliki. Wanafunzi wawili wa uuguzi wako naye. Mmoja anafungua faili na kusoma dawa iliyoandikwa: mofini, dawa kali ya maumivu, miligramu 1.0, kwenye mshipa. Mwandiko umebanana, nukta haionekani vizuri, naye anaiona 10, na mgonjwa anazidi kulia. Kichupa cha mofini kilicho mezani kina miligramu 10, kwa hiyo hesabu inaonekana kukaa sawa kabisa. Anaivuta yote. Mwenzake anaitazama sindano mara mbili, kisha anageuka kurekebisha shuka.

Mkufunzi yuko chumba cha pili, nyuma ya kioo kinachomwezesha kuona bila kuonekana. Ameliona kosa tangu mwanzo. Hasemi neno.

Dakika chache baadaye bibi ananyamaza, na wanafunzi wanashusha pumzi wakidhani dawa imefanya kazi. Kumbe mofini ikizidi hupunguza pumzi: aliyekuwa akipumua mara 16 kwa dakika sasa anapumua mara 7. Oksijeni kwenye damu inashuka: asilimia 94, 90, 85. Mashine inaanza kulia.

Bibi huyo ni mdoli. Kifua chake kinapandishwa na kushushwa na pampu, sauti yake ni ya mtu mwenye maikrofoni, na namba za kwenye mashine zinabadilishwa na mkufunzi mwenyewe kwa kompyuta. Anayeona somo la namna hii kwa mara ya kwanza huuliza, na ana haki ya kuuliza: mwalimu ameona hatari inakuja, mbona amenyamaza?

Amenyamaza kwa sababu kosa lile lilikuwa njiani tayari. Anayejifunza hukosea, hakuna chuo kilichowahi kumaliza hilo. Kinachobaki ni kuamua kosa la kwanza litue kwenye mwili wa nani. Kwa karne nyingi lilitua kwa mgonjwa, mara nyingi mgonjwa asiye na wa kumsemea. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya kitabibu yaliyoweza kuzuilika. Ripoti ilisisitiza kwamba mengi ya makosa hayo hayakutokana na watu wazembe. Watu wazuri walifanya kazi katika mazingira yaliyorahisisha kukosea: maandishi yasiyosomeka, chupa zinazofanana, zamu zilizozidi nguvu, wakubwa wasioulizwa maswali.

Wazo la kutumia mwili wa bandia ni la zamani kuliko umeme. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alimpa kibali mkunga Angélique du Coudray azunguke nchini kufundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alisafiri na nyonga ya mfano aliyoitengeneza kwa kitambaa na ngozi, pamoja na mtoto wa kitambaa, ili mikono ijifunze kumgeuza mtoto kabla ya kumgusa mama halisi. Mwaka 1911 chuo cha wauguzi cha hospitali ya Hartford, Marekani, kilipokea mdoli wa ukubwa wa mtu mzima uliotengenezwa na Martha Chase, mtengenezaji wa midoli ya watoto. Wanafunzi wakauita Mrs. Chase, wakajifunza kuugeuza kitandani, kuuvisha na kuubeba. Na mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norway, naye mtengenezaji wa vitu vya kuchezea, akatoa Resusci Anne, mdoli wa kufundishia kupuliza pumzi na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama.

Kifua hicho ndicho mfano mwepesi wa kazi ya mdoli. Kitabu kitakuambia ukandamize kifua cha mtu mzima kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Soma sentensi hiyo mara mia, bado mikono yako haijui sentimita 5 ni nguvu kiasi gani, wala mabega yako hayajui dakika mbili za kazi hiyo zinavyochosha. Vitu hivyo havisomwi. Vinafanywa mpaka vikae mwilini.

Lakini kosa la mofini halikuwa la mikono. Sindano ilishikwa vizuri, mshipa ulipatikana, usafi ulizingatiwa. Kukiwa na mtihani wa ujuzi wa kuchoma sindano, mwanafunzi yule angepata alama zote. Ndiyo maana naamini watu wanaosifia mdoli kwa ughali wake, kwamba unapepesa macho na kutoka jasho, wanasifia kisichostahili sifa kubwa. Uzito wa somo uko kwenye kikao kinachofuata.

Mashine inazimwa, wanafunzi wanakaa duara na mkufunzi wao. Mara nyingi kikao hiki huchukua muda mrefu kuliko igizo lenyewe. Mkufunzi mzuri haanzi kwa kuuliza, “Kwa nini ulikosea?” Swali hilo hufunga mdomo. Huuliza, “Ulipokuwa unavuta dawa, ulikuwa unawaza nini?” Na hapo mambo yanaanza kutoka. Aliyevuta dawa anasema alihisi dozi ni kubwa, ila kichupa kilipotosha kamili akajiambia basi ndivyo ilivyokusudiwa. Hiyo peke yake ni hazina: amegundua jinsi akili yake inavyotafuta kitu cha kuituliza inapokuwa na haraka. Anajifunza pia kwa nini wataalamu wa usalama wa dawa hukataza kuandika 1.0 pale 1 inapotosha, na husisitiza iandikwe 0.5 badala ya .5, maana nukta ikipotea dozi huzidi mara kumi. Mtu aliyeona oksijeni ikishuka hadi 85 kwa sababu ya nukta hahitaji kukumbushwa tena.

Kisha mkufunzi anamgeukia yule wa pili. “Wewe uliitazama sindano mara mbili.” Kimya. “Niliona ni nyingi,” anasema hatimaye. “Nikadhani mwenzangu anajua zaidi.”

Hapo ndipo penye kidonda. Katika wodi, madhara mengi hupita mbele ya macho ya mtu aliyeyaona na akanyamaza: mdogo mbele ya mkubwa, muuguzi mbele ya daktari, mgeni mbele ya mwenyeji. Kumwambia mwanafunzi “uwe jasiri” hakusaidii, kwa sababu wakati wa hofu hatujui tuseme nini. Kinachosaidia ni kuwa na maneno tayari mdomoni. Kwa hiyo igizo linarudiwa, na safari hii mwanafunzi wa pili anatakiwa aseme kwa sauti: “Naona umevuta 10. Mimi nimesoma 1. Tusimame kwanza, tuangalie faili pamoja.” Mara ya kwanza sauti inatetemeka. Mara ya tatu inatoka kama kawaida. Vivyo hivyo hufanywa kwa maagizo ya simu: anayepokea anarudia dawa, dozi na njia ya kuitoa, na anayeagiza anathibitisha. Ni sekunde kumi tu, ila zinahitaji kuzoewa na ulimi.

Wapo wanaouliza kama mdoli uachwe ufe. Wakufunzi wenyewe hawajaafikiana. Wengine wanaona kifo, hata cha plastiki, kinaweza kumvunja mwanafunzi mpaka aliogope jambo lile badala ya kulijua. Wengine wanasema kuuokoa mdoli kila mara ni kudanganya. Mimi niko upande wa wanaoamua mapema, kabla ya mlango kufunguliwa, na kuwaambia wanafunzi waziwazi kama kifo kinawezekana siku hiyo. Kifo kinachorushwa ghafla ili kumwadhibu aliyekosea hakifundishi uuguzi. Kinafundisha kuficha makosa, na kosa lililofichwa ndilo linaloua kesho yake.

Je, muda unaotumika kwa mdoli hauwanyimi wanafunzi wagonjwa halisi? Swali hilo lilipimwa Marekani katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 na baraza la kitaifa la bodi za uuguzi, katika vyuo 10. Wanafunzi waliobadilishiwa hadi nusu ya saa zao za wodini kwa saa za igizo hawakupungukiwa, si kwa maarifa wala kwa uwezo kazini. Lakini wakufunzi wao walikuwa wamefundishwa kuongoza igizo na kikao chake. Ukinunua mdoli bila kumwandaa mkufunzi, usitegemee matokeo yale.

Mdoli wenyewe si lazima uwe wa kifahari. Mpango wa Helping Babies Breathe, wa kufundisha kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, hutumia mdoli unaojazwa maji ili uwe na uzito wa kichanga, na kitovu chake “hupiga” unapobinya kipira kwa mkono. Katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watumishi walipewa kozi ya siku moja. Walipopimwa kwa mdoli walikuwa wameboreka sana. Chumba cha kuzalia, hata hivyo, hakikuonyesha badiliko. Walijua, lakini ujuzi haukuwafuata hadi kwa mtoto.

Tangu Februari 2011 wakabadili mpangilio. Mazoezi yakahamia chumba cha kuzalia chenyewe, dakika 3 hadi 5 kila wiki, yakiongozwa na watu wa hapohapo. Katika mwaka uliofuata vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mpango ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba sasa mikono ilikuwa imegusa mdoli wiki hiyohiyo, hatua chache kutoka mahali mtoto angepokelewa.